Difu ya Hilux yangu ilivyonyamazishwa Ngamiani

Nina Hilux ya kizamani ninayobebea machungwa kutoka Muheza kushuka Tanga mjini. Msimu ukiisha nabeba chochote, mbao, saruji, hata vyombo vya harusi. Mwaka jana difu ya nyuma, lile bonge la giya linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ilianza kuvuma. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alibadilisha beringi zote nne akanikabidhi gari siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Laki na ishirini tu. Nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu, nimetoka Muheza na matenga yamejaa, kabla sijafika Pongwe difu ikaanza kulia kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Nikikanyaga mafuta inapiga kelele, nikiachia inapungua. Nikarudi kwa jamaa. Akazungusha propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi kwenye difu, kwa mkono, akasema, "Mbona iko vizuri, kaka, itajizoesha." Haikujizoesha.

Ndipo shemeji yangu akanipeleka kwa fundi mmoja mzee, Ngamiani, Tanga mjini. Gereji yenyewe ni mwembe, kontena na benchi moja. Usitegemee kochi wala televisheni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inalia ukikanyaga au ukiachia?"

Swali hilo mwenzake hakuwahi kuniuliza. Kumbe kila jino la krauni, lile giya kubwa la duara ndani ya difu, lina pande mbili za kazi, mmoja unasukumwa gari linapovuta na mwingine unasukumwa unapoachia, kwa hiyo kelele yenyewe inakuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Alichomoa shafti za magurudumu, akatoa kichwa cha difu akakiweka benchini. Nilikuwa nimeshasikia kuna pinioni, giya dogo linalozungusha krauni, iliyotumika inauzwa rahisi, nikamwambia nikaichukue. Akanipangusia mafuta kwenye krauni, kisha kwenye pinioni, nikaona namba zilizochorwa zinafanana. Yangu ina meno 41 kwenye krauni na 9 kwenye pinioni, na yamesagwa pamoja kiwandani. Ukiiozesha pinioni ya watu kwa krauni yako, utalia wewe na difu yako. Akanikatalia, na ameniokolea pesa.

Sasa hapa ndipo nilipokaa kwenye ndoo na kutazama. Alichukua rangi ya njano, akaikoroga na oili kidogo mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, akapaka meno kadhaa ya krauni. Kijana wake akabana krauni kwa kipande cha ubao ili izunguke kwa uzito, mzee akazungusha pinioni kwa spana, mbele na nyuma. Rangi ikasukumika pale meno yanapogusana. Alama ilikuwa juu kabisa, kwenye ukingo wa jino, kama mtu aliyekalia ncha ya kiti. Maana yake pinioni imekaa mbali na krauni. Yule fundi wa kwanza alipobadilisha beringi alirudishia shimu, ile washa ya chuma ya kupangia nafasi ya pinioni, nyembamba kuliko inayotakiwa, na hakupaka rangi hata tone.

Shimu hiyo inakaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi kubwa, kwa hiyo kila ukibadili shimu lazima beringi itoke. Mzee ana ujanja wake. Ametunza beringi kuukuu aliyoipanua tundu la ndani, inaingia na kutoka kwa mkono. Anajaribia hiyo, mpya anaipiga presi mwishoni. Alipoweka shimu nene, alama ikazama hadi kwenye shina la jino. Imezidi. Akarudi kati. Safari hii kimo kikawa kizuri lakini alama imelalia ncha ya nje, kwa hiyo akalegeza nati ya pembeni upande mmoja na kukaza ya pili, krauni ikasogea karibu na pinioni. Kila mara alipima upya mchezo wa meno, yaani ule upenyo mdogo kati ya meno ya krauni na ya pinioni, kwa geji ya mshale, kwa sababu ukigusa kimoja na kingine kinahama. Kwa difu hii anataka milimita 0.13 hadi 0.18. Alimalizia kwenye 0.15.

Jaribio la nne alama ikakaa katikati ya jino, imeelekea kidogo ndani, mviringo kama punje ya kunde. Alinivuta mkono nione. Baada ya hapo akaweka beringi mpya na bushi mpya ile inayobonyea nati ya pinioni inapokazwa. Alinionya kwamba ukipitiliza kuikaza hairudishwi kwa kulegeza nati, unanunua nyingine. Akahakiki rangi mara ya mwisho kabla ya kufunga.

Gharama ya ufundi ilikuwa laki mbili na nusu, mbali na spea na oili ya 80W-90. Kazi ilichukua siku mbili kasoro, nikapoteza safari mbili za Muheza, na hilo liliniuma. Risiti hana, nilipewa karatasi ya daftari. Alinitaka nitembee mwendo mfupi kwanza, nisimame ipoe, na kilomita 500 za mwanzo nisibebe mzigo. Nilivumilia 300, tuseme ukweli.

Kwa sasa ikivuta, kimya kabisa, hata nikiwa na matenga hadi juu. Nikishuka kutoka Amani nimeachia mafuta bado nasikia mvumo mdogo. Mzee alinitahadharisha mapema, kwamba meno yaliyokwisha kulika hayakubali pande zote mbili zikae sawa, hivyo akaupa kipaumbele upande wa kuvuta. Bora hivyo kuliko kuniapia kwamba itanyamaza kabisa.

Ijumaa hapokei gari kuanzia saa tano, na ukienda bila beringi zako atakutuma dukani mwenyewe, kisha atazikagua moja moja kabla hajakubali kuzifunga.