Mtembeza watalii wa Malindi akageuka mtalii: siku saba shambani Toscana

Miaka kumi na minne sasa nawatembeza Waitaliano Malindi: magofu ya Gedi, makorongo ya Marafa, Nguzo ya Vasco da Gama, halafu mashua mpaka kwenye matumbawe. Kitaliano changu nilikiokota ufuoni, na mpaka leo sijui kukiandika sawasawa. Mgeni akishakaa siku tatu nne huanza hadithi ya campagna, mashambani kwao: mkate wa bibi, mafuta ya babu, ukungu wa asubuhi. Nilizisikia hadithi hizo hata nikaziweka kwenye fungu la maneno ya watu waliokumbuka nyumbani. Novemba iliyopita mimi na mke wangu tukafunga safari tukaone wenyewe.

Tulilala usiku saba kwenye agriturismo moja, yaani shamba linalopokea wageni, huko Val d'Orcia, kusini mwa mkoa wa Toscana, Italia, kilomita chache kutoka mji wa Pienza. Chumba chenye jiko dogo kilikuwa euro 90 kwa usiku, watu wawili, pamoja na kiamsha kinywa. Chakula cha jioni ni euro 28 kwa kichwa, na sharti uagize kabla ya saa nne asubuhi, maana Signora, mama mwenye shamba, hapiki kwa kubahatisha.

Neno agriturismo watu hulitumia ovyo, kwa hiyo nilieleze. Si kila nyumba ya kupangisha yenye miti nje. Tangu sheria ya 1985, na ile iliyoshika nafasi yake 2006, mwenye nyumba anatakiwa awe mkulima kwanza. Wageni ni nyongeza, na kazi ya shamba ndiyo inayopaswa kutangulia. Hilo ni kwenye karatasi. Kwenye mitandao ya kuweka nafasi utakuta majumba ya kifahari yenye bwawa la kuogelea na mizaituni mitatu ya kupigia picha, yote yanaitwa jina hilo hilo. Mimi nimekuwa kwenye biashara ya wageni, najua picha inavyodanganya. Nilichofanya ni kuandikia mashamba manne swali moja: wiki nitakayokuja mtakuwa mnavuna nini? Watatu walinitumia orodha ya bei. Wa nne alijibu, "Zaituni, mvua ikituruhusu. Njooni na nguo kuukuu." Nikalipa hapo hapo.

Tulichukua gari uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma. Kama unaendesha Kenya, jiandae: usukani uko kushoto na gia iko mkono wa kulia. Siku nzima ya kwanza mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukitafuta gia na kukamata mlango. Barabara kuu ya kulipia, ile A1, ni raha tupu, mwendo wa kama saa mbili hivi ukatoke mji wa Chiusi. Kutoka hapo barabara inaanza kujipinda, na mwisho kabisa ni strada bianca, njia ya changarawe nyeupe. Mke wangu alicheka: "Tumepanda ndege usiku kucha kuja kula vumbi la Marafa." Vumbi ni la siku mbili tu. Siku ya tatu mvua ilinyesha, na njia ikawa tope la kunata hata viatu vikabaki nyuma.

Bila gari usiende. Treni zinasimama Chiusi na mabasi yapo, lakini kutoka kituo cha basi mpaka shamba lenyewe ni kilomita nyingi za mlima, na hakuna bodaboda.

Sasa zaituni. Wanatandaza nyavu chini ya mti, wawili wanapita na reki ndefu za umeme zinazotikisa matawi, zaituni zinanyesha, unakusanya wavu, unamimina kwenye kreti. Kazi inaonekana nyepesi mpaka saa sita mchana mabega yanapokwambia ukweli. Hakuna aliyetulazimisha, wageni wengine wawili, Wajerumani, walipiga picha wakaenda zao kwa miguu. Sisi tulikaa siku mbili na nusu. Niliuliza kwa nini mizaituni mingi ina mashina matatu manne yanayotoka kwenye kisiki kimoja, nikidhani ni aina yake. Signore, mume wa Signora, akaniambia ni baridi ya Januari 1985. Barafu iliua karibu mizaituni yote ya Toscana kwa siku chache tu. Wakulima waliikata hadi chini, na hii tunayoichuma ni machipukizi ya visiki vile. Nimetoka nchi ya minazi. Mnazi ukikatwa, habari yake imekwisha. Nilizunguka kisiki kile mara mbili.

Jioni tulipeleka kreti kwenye kinu cha kijijini, maana zaituni zikilala zinaanza kuchacha na mafuta yanaharibika ladha. Ndani kuna kelele za mashine na harufu kama majani mabichi yaliyosagwa. Kilo mia za zaituni zetu zilitoa mafuta kilo kumi na tatu. Yalitoka ya kijani kibichi, mazito, na yanawasha koo hasa, hata mke wangu akakohoa na wazee waliokuwa wakingoja zamu wakamshangilia. Kuwasha huko ndiyo dalili ya mafuta mapya mazuri. Palepale wakatuchomea mkate motoni, wakausugua kitunguu saumu, wakaumwagia mafuta na chumvi. Wanauita fettunta. Kama ningelipa euro zile 90 kwa kipande hicho peke yake nisingenung'unika sana.

Mkate wenyewe ukiula mtupu utadhani mwokaji amesahau kitu. Toscana mkate hautiwi chumvi, ndiyo desturi yao, kwa sababu unaliwa na vitu vyenye chumvi kali. Siku mbili za mwanzo niliuona kama adhabu.

Upande wa chakula, Waislamu wenzangu, semeni mapema. Nguruwe anajificha kule kwenye vitu usivyodhania: vipande vidogo ndani ya mchuzi wa nyanya, mafuta yake ndani ya maharagwe, na nguruwe mwitu ndiye fahari ya kila mkahawa. Niliandika kabla ya safari, na mama mkwe wa Signora, bibi wa miaka themanini na kitu, alitutengea sufuria yetu. Alitupikia ribollita, supu ya maharagwe, mkate wa jana na kabeji nyeusi. Mke wangu alionja, akaniangalia: "Hii ni sukuma iliyosoma." Yule bibi alitufundisha pia pici, tambi nene zinazoviringishwa kwa kiganja moja moja juu ya meza. Yeye alikuwa anamaliza kumi, sisi moja, nayo imekatika. Divai ililetwa kila usiku, ikarudi kila usiku, wala hakuna aliyetuuliza.

Mezani ndipo nilipojua kwamba wenyeji wetu nao ni wa kuja. Baba yake Signore alitoka kisiwa cha Sardegna miaka ya 1960 na kondoo wake. Wakati huo wakulima wa Toscana walikuwa wakiyahama mashamba kwenda viwandani. Wengi walikuwa wamelima kwa mezzadria: ardhi ya bwana, jasho lako, mavuno nusu kwa nusu. Mikataba mipya ya namna hiyo ilipigwa marufuku 1964, mashamba yakabaki matupu na ya bei rahisi, na wachungaji wa Sardegna wakaja kuyachukua. Jibini ya kondoo inayonukia kila duka la Pienza, ile pecorino, leo hutoka kwa familia nyingi za aina hiyo. Nilimweleza Signore neno letu la pwani, skwota, mtu anayeishi na kulima ardhi isiyo yake. Hakuhitaji maelezo marefu.

Kuna jambo moja nisilotaka kuliruka. Siku ya pili tukiwa kwenye nyavu, jirani alipita na trekta, akanitazama, akamuuliza Signore amempata wapi kibarua mwaka huu, maana yeye ametafuta hajapata. Waafrika wengi wanavuna mashamba ya Italia, kwa hiyo hakuwa na ubaya moyoni, aliona alichozoea kuona. Nikamjibu mwenyewe, kwa Kitaliano changu cha ufuoni, kwamba mimi ndiye ninayelipa ili nifanye kazi hii. Alinyamaza, kisha akacheka mpaka akazima trekta. Kesho yake alileta chupa ya divai, ikabidi niieleze dini yangu mara ya pili. Signora yeye aliona haya wiki nzima. Siwezi kusema halikuniuma. Kwetu Malindi watoto humwita kila mzungu "ciao" na kumwomba peremende, hata awe Mpolandi, na sijawahi kufikiria anajisikiaje.

Matembezi nitayapitia haraka kwa sababu picha zake zimejaa kila mahali. Pienza ni mji wa kumaliza kwa saa mbili, uliojengwa upya na Papa Pius II kwa kuwa alizaliwa hapo ulipokuwa kijiji kiitwacho Corsignano. Bagno Vignoni, badala ya uwanja katikati ya kijiji, kuna bwawa la maji moto, na ni marufuku kuingia. Nenda Bagni San Filippo msituni: maji moto, miamba myeupe ya chokaa kama mgongo wa nyangumi, na hulipi kitu. Mimi niliingia, mke wangu alitia miguu.

Yaliyonikera. La kwanza, umeme. Nyumba nyingi kule zimeunganishwa kwa kilowati tatu tu. Tuliwasha birika na oveni pamoja, pakawa giza, na kwa nusu dakika nilidhani nimerudi nyumbani. La pili, joto la chumba linalipiwa mbali, kwa mita. Siku ya kuondoka nikakuta euro 46 zaidi. Signora alifungua barua pepe yake ya kwanza akanionyesha mstari. Ulikuwepo, mimi ndiye niliyeuruka. Novemba usiku ni baridi ya kweli, kwa hiyo hesabu gharama hiyo. La tatu, maduka ya vijijini hufungwa saa saba mchana hadi karibu saa kumi, na ukifika na njaa katikati ya saa hizo utakula ulichobeba.

La nne ndilo lililoniuma mfukoni. Tulipita mji mmoja wenye mitaa ya kale, nikafuata ramani ya simu. Kumbe nimeingia eneo ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi. Hakuna kizuizi wala askari, ni kibao cheupe chenye duara jekundu na kamera juu. Miezi mitatu baadaye kampuni iliyonikodishia gari ilikata euro 45 kwenye kadi yangu, na hiyo si faini, ni malipo ya kuwapa wakubwa jina langu. Faini ikafuata kwa barua. Acheni gari nje ya kuta za mji, mpande kwa miguu.

Ningerudi? Mwakani, Mungu akijalia, wiki ile ile, na soksi nzito. Wanaotaka bwawa, usingizi na jua wachague mahali pengine, au waje Malindi niwatembeze.

Tulirudi na kopo la mafuta la lita tano, limefungwa kwa nguo ndani ya sanduku. Nilimwonjesha mama yangu kwenye mkate nikisubiri sifa. Akakohoa, akaisukuma sahani. Siku ya pili nilimkuta barazani anajipaka magotini, na kopo ameshalihamishia chumbani kwake.