Steshenari iliyonisafishia shimo jeusi

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne wataipata siku laminesheni yao ikiacha kutoa mapovu.

Nafundisha fizikia sekondari, natokea Kiboriloni. Klabu yetu ya sayansi ilitaka bango la A1 la mahafali ya kidato cha nne, nikaenda kwenye duka moja la kuprinti hapa Moshi mjini kwa sababu ya bei: elfu kumi na nane, wakati jirani yao alinitajia ishirini na tano. Flashi niliyowapa ilirudi bila virusi, na anayeprinti mitaani anajua hilo si jambo dogo.

Bango lenyewe lilikuwa grafu moja kubwa ya eksirei zinazotoka katikati ya galaksi ya GSN 069, miaka ya mwanga kama milioni 250 kutoka hapa. Pale kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauchomoki, lenye uzito wa majua kama 400,000, linakula gesi. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba kila baada ya saa 9 hivi eksirei hizo hupanda ghafla, hukaa juu kwa saa moja na ushee, kisha hutulia. Setilaiti ya Ulaya, XMM-Newton, iliona hivyo, na Chandra ya Marekani ikaona vilevile. Ukichora unapata mstari tulivu wenye miiba iliyoachana sawasawa.

Saa kumi jioni nikarudi. "Shikamoo mwalimu," kijana wa kompyuta akanipokea kwa furaha, "ule mchoro ulikuwa na mikwaruzo, nimekusafishia." Rangi safi, karatasi nzito, mstari umenyooka kama reli. Miiba yote kaifuta!

Nikavuta stuli. Nikamwambia, mwanangu, mikwaruzo ndiyo mzigo wenyewe. Kwa umbali ule hata setilaiti inaona nukta tu, kwa hiyo tunaisoma nukta kwa jinsi inavyopanda na kushuka. Mwanga hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, yaani kama kilometa bilioni moja kwa saa. Kitu kikiwaka na kufifia ndani ya saa moja, upana wake hauwezi kuzidi sana hapo, kwa sababu upande wa pili usingepata habari mapema. Kwa hiyo kinachowaka kule, katikati ya galaksi nzima, kingeenea ndani ya njia ya sayari ya Zohali kuzunguka jua letu.

Akafikiri kidogo. "Kumbe kama jenereta yetu ikivuta hewa kwenye dizeli? Inapanda, inashuka?" Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawajawahi kunijibu vizuri hivyo. Nikamwambia kwamba hata wataalamu bado wanabishana ni nini kinachoivurugia ile gesi. Wengi wanashuku nyota inayoikatiza kila inapozunguka.

Mama mwenye duka alisikia yote kutoka kaunta. Akaamuru liprintiwe upya, na karatasi ya pili sikulipia. Hapo nawavulia kofia.

Ila laminesheni! Povu limekaa juu kabisa ya mwiba wa tatu, na mgeni rasmi akauliza kama ile ni sayari.

Ukienda, waambie kabisa wasiguse faili. Jumapili hawafungui.