Tathmini ya Zombie Objects, chombo cha Xcode (programu ya Apple ya kutengenezea programu) cha kunasa vitu vilivyokwisha kufutwa

Kwa wiki tatu programu yetu ya iPhone ilikuwa ikijifunga ghafla mikononi mwa wateja, na ripoti zilitaja EXC_BAD_ACCESS (kosa la kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) ndani ya objc_msgSend, kazi ya mfumo inayopeleka maagizo kwa vitu vya programu, mahali ambapo hapana hata mstari mmoja tulioandika sisi. Chanzo cha hitilafu ya namna hii mara nyingi ni kitu (object, kipande cha data na kazi zake ndani ya programu) kilichokwisha kuondolewa kwenye kumbukumbu huku sehemu nyingine ya programu ikiwa bado imeshika anwani yake. Nafasi ile ikishapewa kitu kingine, programu huanguka leo hapa na kesho pale.

Zombie Objects huwashwa katika mipangilio ya uendeshaji wa programu, kwenye ukurasa wa Diagnostics. Badala ya kukiacha kitu kilichofutwa kipotee, hukigeuza msukule: hakifanyi kazi yoyote, ila kikiitwa tu programu husimama papo hapo na kutaja kilikuwa cha aina gani na kiliambiwa kifanye nini. Kwetu lilitokea jina la skrini ya picha, na katika msimbo wa zamani tukakuta deligeti (rejeo la kitu kinachopewa taarifa na kingine) iliyotangazwa kwa assign badala ya weak, aina ya rejeo linalojifuta kitu kinapoondoka. Tangu 2011 ARC, mfumo wa Apple wa kusimamia kumbukumbu, inahesabu rejeo (sehemu zinazoshika anwani ya kitu) kwa niaba yetu, lakini rejeo la assign halihesabiwi wala halifutiki kitu kinapoondoka, na wengi wetu tumejisahau kwa kudhani kwamba tatizo hili lilikwisha.

Chombo hiki hakionyeshi nani aliyekiachilia kitu. Kwa hilo nafungua Zombies ndani ya Instruments, programu ya uchunguzi inayokuja na Xcode; Zombies huorodhesha kila mahali kiliposhikwa na kuachiliwa. Hakifai pia kwa kumbukumbu iliyoombwa moja kwa moja kwa malloc, kazi ya lugha ya C. Huko natumia Address Sanitizer, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu kilichoingia Xcode mwaka 2015, ambayo huonyesha nafasi ilipoombwa na ilipoachiliwa, ingawa hupunguza kasi ya programu mara 2 hadi 5.

Hata hivyo, objc_msgSend ikitajwa kwenye ripoti, naanza na misukule, kwa sababu jibu lake ni la moja kwa moja. Ninachokilalamikia ni kwamba kikibaki kimewashwa hakuna onyo lolote: kumbukumbu haiachiliwi, na mwenzangu alipoteza siku nzima akitafuta uvujaji ambao haukuwamo katika msimbo wake.