TAHADHARI: Jamaa wa Kibaha anayeuza malori ya "tatizo stata tu"

Wakuu, kama kuna mtu yuko kwenye mazungumzo na mzee wa Kibaha anayeuza malori yasiyowaka kwa bei ya kutupa, asitume hata mia. Jana katupia tangazo jipya. Safari hii ni Isuzu, maneno ni yaleyale: gari zima, haliwaki, tatizo stata tu (ile mota ya kuwashia injini). Mimi ndiye niliyenunua Canter ya kabla yake.

Kabla hamjaanza kucheka: mimi si mgeni wa malori. Nimekaa utingo, nimeendesha Fuso ya mtu Dar–Mbeya. Kadi ya hiyo Canter ilikuwa kwa jina la mzee, kitambulisho cha NIDA kinasoma jina hilohilo, namba ya chasi niliipangusa kwa mkono wangu nikaisoma mpaka mwisho. Mkataba tuliuandikia ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti kagonga muhuri. Nani kati yenu angefanya zaidi ya hapo?

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, namba C, bodi safi, tairi za nyuma mpya. Mzee ana baraghashia, sauti ya chini, ananiita mwanangu. Akanipa funguo niwashe switchi mwenyewe: taa za dashibodi zikawaka, waipa zikacheza, honi ikalia mpaka kuku wakatimka. Stata haipo, tundu lake limezibwa na tambara. "Iko kwa fundi hapo barabarani, ngoja nimwite." Muda si muda kijana kaja na bodaboda, ovaroli imelowa grisi, stata kaipakata. Akaitandaza juu ya gunia, akaifungua mbele yangu, akanionyesha kaboni zimelika mpaka mwisho. Na kweli zilikuwa zimelika! Ndicho kinachoniuma. Stata ile ilikuwa mbovu kwelikweli. "Bosi, kaboni na bushi, laki na nusu unaondoka na gari." Mzee akadakia: "Dizeli haina mambo mengi mwanangu. Haina plagi, haina koili. Ikizungushwa inawaka." Hilo nalo ni kweli, ilimradi ndani kuwe na injini.

Nikawaambia basi tuisukume. Canter ya pampu haina kompyuta, ukiisukuma ukaachia klachi kwenye gia ya pili inawaka bila stata. Wakatazamana. Kijana akasema wamemwaga oili ya gia boksi, tukisukuma tutaua gia. Mzee akatoa simu, akanionyesha video ya gari lilelile linanguruma, namba inaonekana, mtu anakanyaga mafuta, moshi wa kawaida tu. Hiyo video haikuchezewa, nilikuja kuambiwa na jirani yake: ni ya mwaka juzi, kabla injini haijanoki.

Hapo simu yake ikaita. Akaweka sauti ya nje: "Mzee niko benki, usimpe mtu, nipe nusu saa." Fundi wangu alikuwa msibani, arudi Jumatatu. Zinazotembea nilikuwa nimetajiwa milioni 26, hii nimefika nayo milioni 12 na nusu. Nikalipa.

Brekidauni mpaka Gerezani, nikanunua stata nyingine, nikanunua betri mbili maana Canter ile ni volti 24. Kugusa funguo: tik. Basi. Tukashuku betri, tukashuku waya wa athi, tukabadilisha. Tik. Fundi akatia spana kwenye nati ya puli ya krenki ili aizungushe injini kwa mkono, akaning'inia na uzito wake wote, haisogei. Akalala chini na brashi na mafuta ya taa. Ikatoka grisi, likatoka vumbi, halafu kikabanduka kibonge cha gundi ya chuma kilichopakwa rangi ya injini. Nyuma yake tundu la kuingiza ngumi. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikatika ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, na watu wazima wakakaa chini wakaziba, wakasugua, wakapaka rangi, wakamwagia vumbi ili ionekane ya zamani. Gereji nzima ikaja kuchungulia. Kuna kijana alipiga picha, nikamwacha, nilikuwa sina nguvu hata ya kugomba.

Kituo cha polisi nikaambiwa hayo ni madai, si jinai, nikafungue kesi, kwa sababu mkataba umeandikwa "gari limeuzwa kama lilivyo". Kama lilivyo! Kupaka rangi tundu ndiyo lilivyo? Kujipatia mali kwa udanganyifu kuna kifungu chake, 302 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka 7. Miaka 7 michache. Huyu mzee afungwe, na kijana wa stata afungwe chumba kimoja naye, na yule wa "niko benki" awapelekee chakula akamatwe mlangoni.

Haya, mnaotaka kujua cha kuangalia. Oili: nilichomoa kijiti, oili ya njano safi, nikafurahi. Oili ya dizeli ikishafanya kazi kidogo tu inakuwa nyeusi tii. Ile ilikuwa imemiminwa kwenye injini iliyokufa. Na lile tundu la stata, toa tambara, meno ya flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na stata) unayaona, gia ikiwa huru ingiza mtalimbo ujaribu kuzungusha. Injini nzima itakaza na kuachia. Akikukatalia kugusa hapo, ondoka. Mengine muulize fundi, mimi kichwa kimejaa.

Mzee kanibloku na jirani anasema Isuzu imeshaoshwa. Kama kuna wengine aliowauzia, nicheki tuandike maelezo pamoja, maana nikienda peke yangu wananirudisha kwenye "kama lilivyo". Na wewe uliyetanguliza advansi ya hiyo Isuzu, nipigie kabla hujaita brekidauni.