Kuvuka Tunduma–Nakonde na lori: Machi siku sita, Julai saa saba

Mama anayeuza uji pale Chapwa, kabla ya kuingia mjini Tunduma, hahesabu foleni kwa kilomita, anaihesabu kwa vikombe. Siku niliyounga mkia wa malori mbele ya kibanda chake alitazama mbele, akatazama tela langu, akasema: "Baba, kwangu utakunywa mara mbili, kwa yule dada wa Sogea mara moja, ndiyo uingie Zambia." Nikacheka, nikamwambia mimi nina haraka. Nilikunywa uji wake asubuhi tatu mfululizo.

Hiyo ilikuwa Machi. Julai nikarudi na mzigo uleule, salfa ya migodini, tani 30 na ushee, safari ileile ya Lubumbashi, nikavuka kwa saa saba. Vijana wanaoanza njia hii wameniuliza kilichobadilika ni nini, maana kituo ni kilekile na barabara ni ileile. Naandika hapa nilichokiona mara zote mbili, huduma ya mpakani upande wake na huduma ya wakala wa forodha, yule anayeshughulikia karatasi za mzigo, upande wake, kwa sababu watu wanazichanganya halafu wanamlaumu asiyehusika.

Kwanza kituo. Naendesha semi kati ya bandari ya Dar es Salaam na Kongo, huu mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo zamani naikumbuka vizuri. Ulikuwa unasimama mara mbili. Unamaliza mambo ya kutoka Tunduma, unagongewa mhuri, unavuta gari hatua chache, halafu unaanza upya Nakonde kama mtu ambaye hajawahi kuonekana duniani. Kituo cha pamoja kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, na utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa: ukienda Zambia, Tunduma unapitiliza. Unasimama Nakonde tu, na maofisa wa Tanzania wa kukutoa wako hukohuko, jengo moja na Wazambia wa kukupokea. Ukirudi, wote unawakuta Tunduma. Si jambo geni sana ukanda huu, Chirundu kati ya Zambia na Zimbabwe walianza hivyo mwaka 2009, wa kwanza Afrika. Na sisi wa barabara hatuna cha kulalamika hapo: pasipoti yangu Julai ilitoka dirisha moja kwenda la pili kabla sijamaliza kusoma tangazo la ukutani.

Kitu kimoja tu, rekebisha saa yako. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Nilitoka Tunduma saa nne na nusu asubuhi, nikafika dirishani Nakonde saa tatu na dakika hamsini. Utingo wangu, ambaye ilikuwa safari yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, alidhani simu imeharibika.

Sasa, kama dirishani ni dakika chache, foleni inatoka wapi? Hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa, na nililielewa nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya mafuta ndani ya yadi ya Nakonde, nimekasirika.

Machi nilikaa foleni siku nne. Siku ya nne jioni nikaingia yadi, nikaoga kwa maji ya kidumu, nikavaa shati safi, nikaenda dirishani na bahasha yangu. Dada wa pale akaandika namba ya gari, akaandika tena, akanitazama kwa huruma.

"Mzee, mzigo wako haupo."

Haupo vipi, na salfa iko nje inanukia kiberiti mpaka kwenye nywele zangu? Alimaanisha haupo kwenye mfumo. Wakala wetu hakuwa ameingiza entri, yaani tamko la forodha, ya kupitisha mzigo Zambia wala kuweka dhamana yake. Nikapiga simu. Madereva wote mnalijua jibu: "Tunalishughulikia, mkuu." Walilishughulikia siku mbili.

Ndani ya hizo siku mbili sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuzungumza na majirani. Nikazunguka upande wangu wa yadi nikauliza gari kwa gari. Kati ya malori 14, 11 yalikuwa yanasubiri karatasi, kama mimi. Hakuna aliyekuwa anakaguliwa, hakuna aliyekuwa amekamatwa na kosa. Tumepaki tu. Yadi ikishajaa watu kama sisi geti haliwezi kupokea mwingine, aliye getini anabaki hapohapo mpakani, wa nyuma yake anabaki mjini Tunduma, na mkia unajivuta Sogea, Chapwa, ukizidi kabisa unaigusa Mpemba. Yule bwana aliyekuwa anakunywa uji Chapwa jioni ile, huenda karatasi zake zilikuwa kamili tangu wiki iliyopita. Alikuwa ananisubiri mimi.

Na usisahau kwamba Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo imo tangu 2022, Tanzania imo, ila ili nimfikie mwanajumuiya mwenzangu napita kwanza kwa mtu wa nje, mwenye mfumo wake wa forodha, dhamana yake, tozo zake za barabara. Niliwahi kupita Rusumo kwenda Kigali, kule unakuta mmeshaanza kuongea lugha moja ya makaratasi kabla gari halijatoka bandarini. Njia ya Tunduma inataka uandike hadithi yako mara mbili, na mara ya pili ndiyo watu wanachelewa kuiandika.

Kuna sababu ya pili ya foleni, na hii ni yetu wenyewe. Kutanua. Barabara ya TANZAM ikiingia Tunduma inakuwa barabara ya mji: bodaboda, mikokoteni, wauza ndizi, mabasi. Hapohapo ndipo inapochepuka ya kwenda Sumbawanga, kwa hiyo hata mtu asiye na shida yoyote na Zambia, anayewahi msiba wake Laela, anaingia kwenye mtego wetu. Foleni ikiwa mstari mmoja, mambo yanakwenda pole pole lakini yanakwenda. Dereva mmoja akichoka akatoka upande wa kulia, wa pili anamfuata, wa tatu anaona akibaki ni mjinga. Dakika kumi baadaye kuna mistari mitatu inayoelekea Zambia, na gari zilizobeba shaba zinatoka Zambia hazina pa kupita. Wale hawatoki, yadi haipungui, sisi hatuingii. Usiku mmoja wa Machi tenka la mafuta na semi zilikutana uso kwa uso karibu na njia panda, na tangu saa tano usiku mpaka alfajiri hakuna tairi lililozunguka. Trafiki walikuja wakaanza kurudisha gari moja moja nyuma, na kurudisha semi yenye tela gizani katikati ya vibanda si mchezo.

Mimi mwenyewe nimewahi kutanua. Mwaka 2016, nikaokoa kama mita mia tatu. Sina la kujitetea.

Julai, tajiri alibadilisha wakala. Huyu mpya sitamtaja, maana sitaki ionekane tangazo, kama ambavyo wa Machi sitamtaja. Tofauti yao niliiona kabla hata sijatoka Dar. Yule wa kwanza alikuwa anaomba nyaraka nikishafika Mbeya. Huyu alitaka picha za kila kitu gari likiwa bado linapakia: ankara, orodha ya mzigo, hati ya usafirishaji, namba ya kichwa na namba ya tela, pasipoti yangu, kadi ya njano. (Ile bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania tulijitoa COMESA mwaka 2000, kadi yao tumebaki nayo, na bila hiyo huendi popote.) Akanipa onyo moja ambalo nawapa na ninyi: kichwa kikiharibika njiani mkabadilisha, mwambie saa hiyohiyo. Entri inabeba namba ya gari. Ukifika na kichwa kingine, kwa mfumo wewe ni mtu mwingine, na kurekebisha ukiwa dirishani ni siku nzima imekwenda.

Jambo la pili alilofanya lilinishangaza. Alinikataza kwenda mpakani. Nilikuwa nimeshuka Makambako, nimeshavuka Mbeya, akasema simama Mlowo ulale, usisogee mpaka nikuandikie. Mlowo kuna chakula, kuna maji, gari liko chini ya taa na mlinzi. Foleni ya Tunduma usiku unalala jicho moja kwa sababu ya wanyonya mafuta, na baridi ya mwezi wa saba ule upande inapenya hadi kwenye godoro. Saa mbili usiku ujumbe ukaingia: "Imetoka. Asubuhi songa." Nikang'oa saa kumi alfajiri.

Saa kumi na mbili nilikuwa mizani ya Mpemba. Uzito salama. Foleni siku hiyo ilianzia Sogea, wala haikuwa ya kutisha, saa nne na nusu nikavuka kama nilivyosema. Nakonde karatasi zilikuwa zinanisubiri. Sili ya kielektroniki ikatolewa, tozo za barabara wakala alishalipa, gari likatazamwa nje, likafunguliwa turubai kona moja, mkaguzi akapiga chafya kwa ajili ya salfa, akaniruhusu. Getini nilitoka saa sita mchana kwa saa yao, saa saba kwa yetu. Tangu Mpemba nilitumia muda wa saa saba tu. Yule bwana wa uji aliyenisubiri Machi nilimlipa heshima yake kwa kutokaa yadini dakika moja zaidi ya ninayohitaji.

Nisidanganye watu, kulikuwa na bahati pia. Ukiwa na karatasi kamili na mbele yako kuna wengine mia wasio nazo, utakaa nao tu, kwa sababu barabara haisomi karatasi. Ndiyo maana nasema maoni yangu kwa yeyote mwenye nafasi ya kuyafikisha: ukaguzi wa nyaraka uanzie Mpemba. Kila lori linasimama mizani hapo, litake lisitake. Wakati linapimwa, mtu atazame kwenye kompyuta kama entri ya upande wa pili imetoka. Imetoka, pita. Haijatoka, kaa yadi ya pembeni na ukapige simu kwa wakala wako ukiwa hapo, si katikati ya mji. Wanaokwenda Zambia watupu nao wawe na mstari wao, maana mtu mwenye tela tupu kumfungia nyuma ya salfa yangu ni uonevu.

Wengine wanasema jibu ni kupanua barabara ya mji. Ipanuliwe, sikatai, ila tukipanua bila kugusa yadi tutapata foleni ya mistari minne badala ya miwili. Wengine wanasema tupite Kasesya, mpaka mwingine wa Zambia, kule Kalambo. Kwa mzunguko ule wa Sumbawanga na mzigo wa tani zangu, dizeli itakula posho yote. Na reli ya TAZARA inapita hapohapo Tunduma. Nikiwa foleni Machi nilisikia honi ya treni ikivuka mpaka, nikaona wivu, mimi dereva wa lori, wa kumwonea wivu behewa.

Kwa hiyo kama unapanga safari, kituo nakipa nne kati ya tano, na ile moja nimeishikilia kwa ajili ya barabara ya kukifikia. Wakala wa Machi sitampa kitu. Wa Julai nimempa namba yangu binafsi. Kabla hujatoka Dar mwulize wakala wako swali moja tu: namba ya entri ya Zambia nitaipata nikiwa wapi? Akikwambia mpakani, beba godoro la ziada, kidumu cha maji cha lita 20 na chenji ndogo ndogo za kwacha na shilingi.

Wiki mbili baadaye nilirudi na shaba. Tunduma walinimaliza mchana uleule, nikasimama Chapwa kwa hiari yangu.

"Wewe baba," mama akasema, "safari ya kwenda ulipitia wapi? Sikukuona."

Nikamwambia nilipita bila kusimama, barabara ilikuwa wazi.

Akanikazia macho kama mtu aliyedhulumiwa, halafu akachota uji, akajaza kikombe mpaka juu.