Zege la lori kwa jamvi la nyumba: lina faida, ila lina masharti

Kwa jamvi (sakafu ya zege) linalozidi mita 2 za ujazo, zege la kiwandani, linaloletwa na lori, linalishinda la kuchanganywa kwa koleo: uwiano haubadiliki na jamvi lote humwagwa kwa mkupuo. Chini ya hapo, changanyeni wenyewe. Wauzaji wengi hutoza ada ya ziada kwa mzigo mdogo.

Pima kabla ya kuagiza. Jamvi la mita 6 kwa 5, unene sentimita 10, linahitaji mita 3 za ujazo, agiza 3.3, kwani ardhi haiwi sawa kabisa. Taja daraja, yaani kipimo cha nguvu ya zege (C25 latosha sakafu nyingi), na ukubwa wa kokoto.

Udhaifu wake ni muda. Soma saa ya kuchanganywa kwenye hati ya mzigo. Zege likipita dakika 90, hasa juani, huanza kukaza. Hapo ndipo dereva au fundi huomba mpira wa maji. Kataa! Maji ya ziada hulainisha kazi ya leo, kisha sakafu hupasuka na kutoa vumbi.

Mkataba wa fundi utaje nani atamwagilia maji zege lililokwisha kukaza, kwa siku 7. Wengi huondoka jioni ileile.