Hema la Wawili Kando ya Mto wa Mlimani: Tundu Moja Lilivyotunyima Usingizi

Msiseme kitu, tazameni kwanza. Kitambaa hiki nimekipitisha mara moja tu upande wa ndani wa hema, kuanzia hapa kwenye zipu mpaka kule kichwani. Sasa nakikamua. Mume wangu, teremsha kamera, waache uso wangu, waone kikombe. Haya. Mnasikia yanavyochuruzika? Na kabla hamjaanza kuandika huko chini kwamba dada, hema lako linavuja: tangu tufike haijanyesha. Hata manyunyu.

Karibuni tena. Nikisikika kama napayuka mnisamehe, mto uko hapo nyuma yangu na haujui kunyamaza. Wale mliolalamikia sauti kwenye video ya jiko la gesi, nimewasikia, nimenunua maikrofoni mpya yenye manyoya ya kuzuia upepo. Upepo inauzuia. Mto, hapana.

Jina la kampuni nimelibandika plasta, mnaona. Hawajanilipa nisifie na sitaki waseme nimelipwa niponde. Isitoshe, kasoro nitakayowaonyesha inapatikana kwenye mahema chungu nzima, kwa hiyo usichekelee kwamba la kwako lina nembo nyingine. Litoe kabatini ulitazame.

Uzito, rangi, idadi ya vigingi, fito za alumini: mnavijua, mahema ya daraja hili ni mtu na pacha wake. Naruka. Milango ni miwili, kila mmoja na wake, na hapo nawapa tano. Wanandoa mnaotaka kupunguza gramu kadhaa kwa kununua hema la mlango mmoja, subirini siku mwenzio atakapokupitia tumboni saa 8 usiku akitafuta viatu, ndipo tuongee habari za gramu.

Upana, hapo sirukii. Wameandika "watu wawili". Sakafu ina sentimita 130. Godoro la kupuliza la kawaida lina 51, mawili yanakuwa 102, unabaki na pa kuweka taa na chupa ya maji. Sisi tulijitia ubwana tukanunua yale mapana, 64 kila moja. Piga hesabu: 128. Tumebakiziwa sentimita 2, yaani tukilala bega langu liko ukutani, na bega lake liko ukutani upande wa pili. Na ukuta ndio huo mliouona nikiukamua.

Basi usiku wa kwanza. Tulifika alasiri tumechoka, tukaona kichanga kizuri, tambarare, hatua kumi tu kutoka kwenye maji. Mwenzangu akasema twende kule juu kwenye miti. Nikakataa. Nilitaka nilale nikisikia mto, ndiyo sababu ya kutoka nyumbani, au siyo? "Ulisema pia miti ina wadudu," anasema huyo mshika kamera. Sawa, nilisema. Endelea kushika kamera.

Tukasimamisha hema, tukakaa juu ya lile jiwe, lile lenye kichwa bapa, miguu ndani ya maji. Maji haya ni theluji iliyoyeyuka huko kileleni. Tulishindana nani atahesabu mpaka 60 bila kutoa miguu. Hakuna aliyefika 40, tukawa tunacheka kama watoto. Hiyo ndiyo likizo niliyoipangia safari.

Jioni tukaenda kuosha uso: jiwe halipo. Limefunikwa! Mvua hakuna, mawingu hakuna. Nikadhani tumelikosea. Kumbe mito ya theluji ina saa zake. Jua linayeyusha theluji mchana, yale maji yanachukua muda kuteremka, huku bondeni yanafika jioni au usiku, na asubuhi mto unapungua tena. Kwa hiyo ukifika alasiri ukaona kichanga kikavu, usikiamini sana. Mwenzangu akapanga mstari wa mawe kati ya mto na hema, akisema maji yakivuka mstari tunahama hata kama ni usiku wa manane. Hayakuvuka. Lakini ni nani analala akijua kuna mstari?

Nimepotea. Tundu la hewa. Njoo ndani na kamera.

Kulikuwa na baridi, nikafunga kila kitu: milango yote miwili na lile tundu la hewa la juu. Saa 9 usiku tone likanidondokea jichoni. Halafu mwenzangu akajigeuza, akagusa ukuta, akashtuka: "Linavuja!" Na mimi nikaamini. Nikalilaani hema, nikamlaani fundi aliyelishona, na nikiwa palepale ndani ya mfuko wa kulalia nikaanza kuitunga video hii. Ingekuwa kali kweli, jina la kampuni lingekuwa wazi. Mpaka nilipomulika mshono kwa taa ya kichwani: mkavu. Maji yalikuwa katikati ya kitambaa, vitone vidogo vidogo, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho.

Yale maji ni yetu. Tumeyapumua sisi. Watu wawili ndani ya hema usiku kucha wanatoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi, ule mvuke unapanda, unakutana na kitambaa baridi, unageuka maji. Kampuni zinajisifu kwa ile namba, milimita 3,000, maana yake kitambaa kinahimili kina cha maji cha mita 3 kabla hakijaanza kupenyeza. Vizuri sana kwa mvua. Ila kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji yasiingie, hata mvuke hakiuachii utoke. Njia yake ni moja tu, tundu.

Na tundu lenyewe liko wapi? Tazameni mkono wangu. Nimelala hivi, kama usiku. Hiki kilicho karibu ni chandarua, hema la ndani. Kule nyuma yake ndiko hema la nje. Tundu lile pale juu, mnaliona, na kile kijiti cha plastiki cha kuliegemeza lisijifunge. Sasa nalifikiaje? Nanyoosha mkono: chandarua. Nasukuma chandarua: kimegusa ukuta, na usiku ule wa kwanza matone yote yalinimwagikia. Asante. Hakuna zipu hapa! Zipu ya sentimita 20 tu, unapitisha mkono, unaegemeza kijiti, unalala. Kuna mahema nimewahi kulalia yanayo, na si ya kifahari. Hili, ili ufungue tundu ni utoke kwenye mfuko wa kulalia, ufungue zipu ya kwanza, uvae viatu, ufungue zipu ya pili, uzunguke gizani ukiruka kamba, ufike upande wa kichwani, uegemeze kijiti, urudi, mwenzio akuulize, "Umefunga mlango?" Saa 9 usiku!

Na bei yake, jamani. Tarakimu sitaji, video hizi mnazitazama mpaka miaka miwili baadaye na bei haikai mahali pamoja. Lakini hili liko kwenye kundi la juu. Kwa pesa hiyo ukilia kuhusu zipu moja hulii bure.

Usiku wa pili tulilala palepale, tundu wazi tangu jioni na zipu za milango zimeachwa wazi kidogo juu. Kitambaa kililowa, ila hakikudondosha. Bora kidogo. Mwenzangu akasema shida nyingine ni mahali. Nikabisha mpaka nikachoka. Halafu nikafikiri: hewa baridi ni nzito, usiku inateremka mlimani kama maji na kutuama kwenye kibonde, na sisi tulikuwa mwisho wa kibonde, pembeni ya mto unaoongeza unyevu wake. Juu yetu hakuna mti, anga tupu. Kitambaa kinachotazamana na anga tupu usiku kinapoteza joto mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Chini ya matawi hakipoi hivyo.

Jana tukahama. Tuko kama mita 60 kutoka majini, umbali ambao wapiga kambi wengi wanashauriwa kuuacha hata kwa faida ya mto na wanyama wanaokuja kunywa. Nikiwa hapa bado nausikia mto, mnausikia na ninyi. Leo asubuhi nimepitisha kitambaa hikihiki...

Subiri. Ni kweli, kile kikombe nilichowaonyesha mwanzoni ni cha usiku wa kwanza, ile picha aliirekodi mwenzangu nikiwa bado nafoka. Ya leo ndiyo hii. Nakamua. Nakamua tena. Tone moja. Ndiyo, mume wangu, nimekiri mbele ya kamera, umeridhika?

Kwa hiyo je, hema ni baya? Siku ya kwanza ningekwambia litupe mtoni. Leo sijui niseme nini. Upepo lilihimili, fito hazikulia, milango naipenda. Kuna yale ya tabaka moja, mepesi zaidi, lakini pale hakuna hata chandarua cha kukukinga, ukuta unaotoka jasho ndio unaokugusa uso. Ya turubai la pamba yanapumua vizuri, tatizo mtafute punda wa kuyabeba. Kuna wawili wamepita hapa jana na vitanda vya bembea na kipande cha turubai, wakaning'inia, kila mmoja na miti yake. Wakavu kabisa. Ila usiku tuliwasikia wakiambizana "lala salama" kwa kupaza sauti, mtu na mkewe, kama majirani.

Mimi nimelifanyia ufundi. Kamba nyembamba nimeifunga kwenye ncha ya kijiti, nimeipitisha juu ya tundu, ikashuka kwa nje mpaka kwenye mlango wangu. Usiku nafungua zipu ya mlango kiasi cha kupitisha mkono, navuta, kijiti kinasimama. Tazama. Navuta... Hakikusimama. Rudia. Mume wangu, usicheke, kamera inatikisika. Navuta polepole... kile! Kimesimama. Mara moja kati ya mbili, lakini nimelala chali, bila viatu.

Mnaoniuliza kuhusu kichujio cha maji: video yake inakuja, ila si wiki ijayo, wiki ijayo nalala kitandani. Kwa ufupi tu, vile vya nyuzi zenye matundu ya maikroni 0.1 vinazuia bakteria na vijidudu kama Giardia, virusi hapana, na kikiganda kwa barafu kitupe, nyuzi zinapasuka ndani na kwa macho huoni. Sisi usiku kinalala ndani ya mfuko wangu wa kulalia, miguuni. Ndiyo, kinanigusa, na ndiyo, ni kibaridi.

Kama una hema lenye zipu ya tundu kwa ndani, niandikie ni la aina gani, naulizia kwa nia ya kununua kabisa. Na kama hujajiunga na chaneli...

Eh? Jua limefika? Limefika kwenye hema. Wacha nikaligeuze tumbo juu likauke, tukachelewa leo litakunjwa bichi na mbebaji wa hema safari ya kurudi ni mimi. Zima kamera, uje ushike upande ule.